Nguvu, Uimara na Mtambao: Uhakiki wa Istilahi za Kompositi za Metali katika Joto Kali

Makala haya yanahakiki mazoea ya kutumia neno moja, nguvu, kueleza tabia zote za metali zilizoimarishwa kwa nyuzi zinapopata joto. Hoja yake ni kwamba neno hilo huficha chanzo cha uharibifu, na istilahi inayoficha chanzo haimfai mhandisi wala mtunga sera.

Mfano wa kwanza ni alumini yenye nyuzi za boroni, iliyotumika katika mihimili ya kiunzi cha Space Shuttle ya Marekani. Alumini huyeyuka kwenye digrii 660 za Selsiasi. Boroni huyeyuka juu ya digrii 2,000. Hata hivyo, kompositi hiyo ikikaa kwenye digrii 500 hivi, vitu hivyo viwili huungana kikemia na nyuzi hudhoofika kabla ya chochote kuyeyuka. Kusema tu kwamba "nguvu hupungua" ni kuacha nje mmenyuko huo. Aidha, sentensi "nyuzi hudhoofika katika nyuzi 500" inaonesha utata mwingine: neno nyuzi hubeba maana mbili. Kwa hiyo digrii inafaa zaidi kwa vipimo vya joto.

Mfano wa pili ni titani yenye nyuzi za kabidi ya silikoni. Titani hutanuka takriban mara mbili ya nyuzi hizo. Ikipashwa na kupozwa mara kwa mara, mkazo hujengeka mahali metali na uzi vinapogusana. Kompositi iliyo imara ikivutwa sambamba na nyuzi huweza kubanduka kwa urahisi ikivutwa kwa upande. Kupaita mahali hapo mpaka hakutoshi, kwa kuwa mpaka hudokeza mstari, ilhali pale huwa na tabaka lenye unene na kemia yake. Tabaka la mwambatano ni istilahi sahihi zaidi.

Mfano wa tatu ni kurefuka polepole kwa metali chini ya mzigo usiobadilika. Metali inapolegea, mzigo huhamia kwenye nyuzi. Zilizo dhaifu hukatika, na zilizobaki huelemewa. Neno mtambao hubainisha mwendo huo, nguvu haibainishi.

Fadhila ya neno nguvu ni kueleweka na wote, na libaki katika mazungumzo ya kawaida. Katika mitaala na viwango vya ubora, uimara utengwe na ukakamavu, na vyote viwili vitengwe na mtambao. BAKITA na Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki zinashauriwa kuwakutanisha wanaisimu na wahandisi kabla ya kusanifisha, ili kila istilahi ipimwe ndani ya sentensi inayoeleza uharibifu halisi.