Ngumi Moja Kutoka kwa Jua

Ilikuwa Machi 22, 2023, Shaabani imebakia mkiani, tumekaa ufukweni upande wa magharibi wa Unguja, tukiusubiri mwezi mwandamo. Sote tumekodolea macho jua linalozama, isipokuwa mzee mmoja mvuvi. Yeye ameinama, anatazama mchanga.

"Ukilikodolea, mwanangu, litakutia madoa machoni. Kisha utaona miezi saba."

Kazi yake alikuwa ameshaifanya. Jua lilipogusa maji, alichomeka upondo mchangani sawa na pale linapozamia, akarudi nyuma hatua kumi, akaketi. Tangu hapo upondo ule ukawa ndiyo kumbukumbu yake ya jua. Mwezi Machi, akasema, hilali utafute kulia mwa upondo, Septemba, kushoto. Na ukiuona mwezi alfajiri mashariki, jioni ya siku hiyo usisumbuke kuutafuta.

Kipimo chake ni ngumi. Nyoosha mkono, kunja vidole: ngumi hufunika kama digrii 10 za mbingu. Mwezi ulio karibu na jua kupita hapo huanza kuwa shida. Mtaalamu wa falaki wa Ufaransa, André Danjon, aliweka mpaka miaka ya 1930: chini ya digrii 7 hivi, hilali haionekani. Jioni ile mwezi ulikuwa na umri wa saa 22, umelipita jua kwa ngumi moja na kidogo.

Zuhura ndiyo iliyotangulia kuonekana, ngumi tatu juu, inang'aa bila kumetameta. Watoto wakashangilia. Mzee hata hakugeuka; Zuhura, kwake, ni taa ya barazani, kila mtu huiona. Alikuwa akiisubiri sayari ya Mushtarii, chini kabisa kwenye wekundu. Ilipojitokeza, kinukta tu, akaifuata kushuka upana wa kidole na nusu, akatulia hapo. Nikahesabu pumzi zake, kumi na mbili.

"Huo."

Mimi sikuona kitu. Akanishika kidevu, akakisogeza kulia kidogo mno, kama fundi anayenyoosha ubao. Ndipo nikauona: uzi umelala chali, pembe zote mbili juu, mithili ya ngalawa tupu. Kwetu karibu na ikweta mwezi mchanga hulala hivyo. Nilipopepesa ukanipotea, ikabidi anishike kidevu tena.

Wingu la upeoni likaumeza kabla wenzangu wawili hawajaupata. Mzee akang'oa upondo, akaufuta mchanga kwa kiganja. Alikuwa anauhitaji alfajiri.