Mto, mji na ukumbusho: tuitazame picha ya Delft

Katika Lubumbashi ya miaka ya 1970, wachoraji wa mitaani na wanunuzi wao walikuwa na neno moja la kupimia picha: ukumbusho. Picha inatundikwa saloni, mgeni anaingia, anauliza, na mwenye nyumba anaanza kueleza. Kwa kipimo hiki tunataka kutazama picha ya mbali, «Mandhari ya Delft». Johannes Vermeer, Mholanzi, aliichora karibu mwaka 1660 au 1661. Iko La Haye, katika jumba la Mauritshuis.

Tunaona nini? Maji ya mto Schie yametulia. Huku upande wetu mama mmoja amebeba mtoto, watu wachache wanaongea. Ngambo kuna malango mawili ya mji, mapaa mekundu na mashua zinazotengenezwa. Wingu zito limetia giza nyumba za mbele, lakini kule nyuma jua linapiga mnara wa Kanisa Jipya.

Kumbe tarehe 12 Oktoba 1654 ghala la baruti lililipuka katika mji huo huo! Mtaa uliangamia, na mchoraji Carel Fabritius akafa. Vermeer haonyeshi hata jiwe moja lililoanguka. Alitazama mji kutoka kusini. Maangamizi yalikuwa kaskazini-mashariki. Wengi wa kwetu watasema: huyu anaficha. Tshibumba Kanda Matulu, aliyechora historia ya nchi yetu katika picha karibu 100, asingeuacha moto ule.

Sisi tunaona kwamba hakudanganya. Katika kanisa lile amezikwa Willem wa Orange, kiongozi wa uasi dhidi ya Hispania, aliyeuawa Delft mwaka 1584. Kwa mwenyeji, jua juu ya mnara ule lilitosha kuanzisha mazungumzo. Kwetu halitoshi, lazima mtu atueleze kwanza. Ndiyo maana picha bila msimulizi inabaki nusu, hata kama fundi ni hodari namna gani.

Tena, malango yale mawili yalibomolewa katika karne ya 19. Leo anayetaka kuyaona anakwenda mbele ya picha. Basi tuwaambie vijana wetu wanaochora: vita na wakubwa wachorwe, ndiyo, lakini hata bandari ya leo, na mama anayengojea mashua, nao wanastahili ukumbusho.