Rumford na Koo la Dohani

Meko ya ukutani yakirudisha moshi sebuleni, wazo la haraka ni kwamba njia ya moshi ni finyu, basi ipanuliwe. Benjamin Thompson, mzaliwa wa Massachusetts anayejulikana zaidi kama Count Rumford, alizikuta nyumba za London zikifuka moshi, akaagiza waashi waifinye. Maelezo ya kazi hiyo aliyachapisha mwaka 1796.

Kosa aliliona kwenye koo, pale dohani inapoanzia juu ya moto. Koo pana halivuti moshi peke yake. Huvuta na hewa baridi ya chumbani. Moshi unapoa, unakosa nguvu ya kupanda, na upepo unaoshuka dohanini unaurudisha ndani. Rumford aliusogeza mbele ukuta wa nyuma kwa matofali mpaka koo likabaki na upana wa inchi 4 hivi kutoka mbele kwenda nyuma. Kichwa cha ukuta huo mpya akakiacha bapa, upepo unaoshuka ugote hapo. Kuta za pembeni akazitanua kuelekea chumbani, kila moja ikifanya pembe ya nyuzi 135 na ukuta wa nyuma, ili joto liwafikie waliokaa. Akashauri hata zipakwe chokaa! Nadhani hapo hakumuuliza anayefuta masizi.

Kwenye koo, hata hivyo, alimkumbuka msafishaji. Enzi hizo dohani za Uingereza zilisafishwa na watoto waliopanda ndani yake, na hakuna mtoto anayepita kwenye inchi 4. Kwa hiyo aliacha pengo sehemu ya juu ya ukuta mpya, likazibwa kwa kigae au jiwe bapa linalotolewa siku ya usafi na kurudishwa baadaye. Kwangu mimi, hiyo ndiyo sehemu bora ya ubunifu wake. (Watoto wenyewe walingoja sana: sheria ya kuwakataza kupanda ilipitishwa 1840, na ikapuuzwa hadi ile ya 1875.)

Leo hupanda brashi, lakini tatizo la koo finyu ni lile lile. Masizi huanguka na kujaa juu ya kile kichwa bapa, mahali ambapo mtu aliyesimama mbele ya moto hapaoni. Kuni mbichi huongeza balaa: moshi wake wenye mvuke mwingi hugandisha kriosoti, utando mweusi kama lami unaoweza kuwaka ndani ya dohani na kupasua kuta zake. Choma kuni zilizokauka, unyevu usizidi asilimia 20. Kila mwaka, kabla ya msimu wa baridi, mulika koo kwa tochi na kioo. Utando ukifika milimita 3, ita msafishaji.

Na mwenye nyumba Limuru au Lushoto anayetaka koo la meko yake lifinywe, amuulize fundi kabla tofali la kwanza halijawekwa: brashi itapita wapi?