Majina ya Mimea ya Kinamasi na Udhaifu wa Kamusi za Lugha Mbili

Mwanafunzi wa Kisangani atafutaye maana ya neno "tete" katika kamusi ya Kiswahili na Kiingereza hukuta "reed", akadhani amekwisha kuelewa. Kumbe amepewa jina jingine tu. Maana yenyewe hakupewa. Makala hii inachunguza udhaifu huo kwa mifano ya mimea iotayo majini na kandokando ya maji.

Kwanza, Kiingereza chenyewe si kipimo thabiti. Neno "bulrush" hutumika Uingereza kwa mimea miwili ya jamaa mbalimbali, yaani Schoenoplectus na Typha. Aidha, wafasiri wa Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 walilitumia katika kisa cha Musa mtoto kwa neno la Kiebrania "gome", ambalo maana yake ni mafunjo. Lakini katika kitabu cha Ayubu neno hilohilo likawa "rush". Mtunga kamusi ategemeaye maneno ya namna hii hujenga juu ya matope.

Fasili iliyo bora huanzia kwenye mmea. Bua la tete lina uwazi ndani na limegawanyika kwa vifundo. Bua la funjo lina pande tatu, halina vifundo, na ndani limejaa nyama nyororo nyeupe. Sentensi mbili kama hizo humfaa msomaji kuliko visawe kumi vya kigeni.

Pili, asili ya maneno hufunua undugu ambao kisawe hakiuonyeshi. Neno la Kiingereza "paper" limetokana na jina la Kiyunani la mafunjo, "papyros", kwa kupitia Kilatini na Kifaransa. Nalo neno "karatasi" limetoka Kiarabu "qirtas", ambalo asili yake ni Kiyunani "khartes", yaani ukurasa uliotengenezwa kwa mafunjo. Hivyo lugha zote mbili zimerithi mmea uleule kwa njia mbili tofauti.

Mfano wa tatu unaelea mtoni. Mmea uitwao "water hyacinth" kwa Kiingereza si wa jamaa ya "hyacinth" ya bustanini, ambayo jina lake ni la kijana wa hadithi za Kiyunani. Asili yake ni Amerika ya Kusini, nao ulienea katika mto Kongo katika miaka ya 1950. Kiswahili Sanifu huuita "gugumaji", jina lielezalo tabia yake. Lakini nchini Kongo umeitwa "Kongo ya sika", yaani Kongo mpya. Kiunganishi "ya" ni cha Kiswahili na cha Kilingala pia. "Sika" ni ya Kilingala. Jina hilo hutunza kumbukumbu ya ugeni wa mmea, jambo ambalo "gugumaji" hailisemi.

Je, jina kama hilo lihesabiwe kuwa kosa la wasemaji wa mbali na pwani? La hasha. Kisangani ni mahali ambapo Kiswahili kilichofika na misafara ya akina Tippu Tip, katika karne ya 19, kilikutana na Kilingala, lugha ya mto na ya askari. Kamusi iandike "gugumaji", kisha ionyeshe "Kongo ya sika" pamoja na mahali litumikapo. Ikiliacha jina hilo nje na kukipa nafasi kisawe cha Kiingereza, itakuwa imemwamini mgeni kuliko mwenyeji wa mto.