Uhakiki: Kitabu cha Kumlea Msimamizi Mpya wa Mchezo

Katika Dungeons & Dragons, mchezo uliotungwa Marekani na Gary Gygax na Dave Arneson na kutolewa mwaka 1974, kila mchezaji hujivika nafsi ya mhusika mmoja. Msimamizi peke yake ndiye aelezaye mandhari, asemaye kwa niaba ya maadui na kuamua matokeo ya vitendo. Ni mzigo unaomtisha mwanagenzi.

Mike Carr aliandika In Search of the Unknown ili kumlea mwanagenzi huyo. Ametuchorea Quasqueton, ngome ya chini ya ardhi yenye ghorofa mbili, na kueleza vyumba vyake kimoja kimoja. Lakini penye mazimwi na hazina ameacha mistari mitupu. Mwanagenzi huchagua katika orodha zilizomo, kisha hujaza kwa mkono wake. Huu ndio ubora wa kitabu: kinamfanya mwanafunzi kuwa mtunzi tangu siku ya kwanza.

Hata hivyo, kinafundisha kuandaa kuliko kuendesha. Mawaidha ya uendeshaji yamo, ila hayatoshi pale wachezaji wanapokataa njia waliyoandaliwa. Fanani wa ngano huitikiwa na hadhira, lakini safari ya shujaa hubaki mikononi mwake. Msimamizi hana mamlaka hayo. Stadi hiyo hupatikana kando ya mzoefu anayejua kunyamaza mwenzake anapositasita.

Mlezi anayejaza kila pengo hulea mnakili. Carr aliyaacha mapengo. Kumsindikiza anayeyajaza ni kazi ya mtu, si ya kitabu.