Sikio Linapojibu: Jinsi Sauti ya Koklea Inavyoweza Kumtambulisha Mtu

Sikio lenye afya hupokea sauti, na pia hutoa. Mwaka 1948 Thomas Gold alitoa hoja kwamba ndani ya koklea, ule mfereji wa sikio la ndani uliojizungusha kama konokono, lazima kuna kitu kinachoyaongezea nguvu mawimbi yanayoingia. Ushahidi ulichelewa. Mwaka 1978, huko London, David Kemp alichapisha vipimo vya maikrofoni iliyowekwa kwenye tundu la sikio: baada ya mlio mfupi, sauti hafifu ilirudi. Ilikuwa imechelewa mno kuwa mwangwi wa tundu lenyewe. Ilitoka kwenye koklea.

Zinazoitoa ni seli za nje za vinyweleo, zipatazo 12,000 kwa kila sikio, ambazo hufupika na kurefuka sauti inapozifikia. Mpangilio wake haufanani kabisa kwa watu wawili, na hapo ndipo wahandisi walipopata wazo la kumtambua mtu kwa sauti hiyo. Stephen Beeby na wenzake wa Chuo Kikuu cha Southampton, Uingereza, walilifanyia kazi. Huko Toronto, Yuxi Liu na Dimitrios Hatzinakos nao wakaliendeleza.

Kazi ngumu ni kuinasa sauti yenyewe. Mlio unaochokoza sikio huwa na nguvu ya desibeli 80 hivi, na jibu ni dogo mno mbele yake. Mbinu iliyotumika inanivutia kuliko sehemu nyingine yoyote ya teknolojia hii. Spika hutoa milio mitatu inayofanana, kisha wa nne uliogeuzwa, wenye ukubwa mara tatu. Ukijumlisha yote minne, chochote kinachokua sawasawa na mlio, kama vile mwangwi wa tundu la sikio, hujifuta na kubaki sifuri. Lakini koklea haikui hivyo: mlio ukizidi mara tatu, jibu lake halizidi mara tatu. Kinachosalia baada ya hesabu hiyo ni koklea peke yake. Zoezi hurudiwa mamia ya mara na kutafutiwa wastani, ili kelele za pumzi na za chumba zipungue.

Rekodi nzima ni ya milisekunde 20 hivi. Ndani yake sauti nyembamba hutangulia, kwa kuwa sehemu zinazozishughulikia ziko karibu na mlango wa koklea, na nzito hufuata. Kompyuta huchora masafa gani yalirudi muda gani, na mchoro huo ndio hulinganishwa na ule uliohifadhiwa.

Kwa usalama, naona faida kubwa iko kwenye kujibu. Mfumo unaweza kubadili mlio kila mara, hivyo rekodi iliyoibwa haitatosha. Kuna hata njia ya milio miwili: ukicheza hezi 2,000 na 2,400 pamoja, koklea huongeza yake ya 1,600.

Tatizo ni kwamba jibu hili hutegemea afya. Nta, maji nyuma ya kiwambo cha sikio, hata aspirini nyingi, hulififisha. Aliyepoteza seli hizo kwa uzee au kelele za kiwandani huenda asitoe sauti yoyote. Ndiyo maana hospitali hutumia kipimo hikihiki kuchunguza usikivu wa watoto wachanga. Mlango wa benki ukitegemea njia hii pekee, mwenye usikivu hafifu atafungiwa nje ya akaunti yake, na mashine itakuwa imefichua hali ya afya yake bila idhini.