Sungura Kaondolewa, Mwenyewe Hakutajwa



Huko Marekani, katika viwanja vya starehe vya Disney, palikuwa na mchezo wa kupanda mtumbwi na kuporomoka majini, uitwao Splash Mountain. Ulipambwa kwa visa vya sungura mjanja kutoka filamu ya 1946, iliyolaumiwa kwa kuupamba unyonge wa watu weusi. Mwaka 2023 ulifungwa; 2024 ukafunguliwa kwa sura mpya, ya Tiana, msichana mweusi wa filamu ya 2009. Wapenzi wake wakagawanyika: hawa wakashangilia, wale wakalia, hata maji yake yakatiwa chupani yakanadiwa!

Sisi wa Nanyamba, tunaoijua thamani ya ndoo ya maji, tustaajabu, kisha tuulize: sungura yule ni wa nani? Asili ya visa vyake vingi ni Afrika. Vilivuka bahari vifuani mwa watumwa. Kumtenga na filamu ile ni haki. Lakini waliolia, wengi walilia mteremko na utoto wao. Mwenye hadithi hawakumkumbuka.

Nasi tusiwacheke. Mwanao anamjua sungura kwa bibi yake, au kwa televisheni? Hadithi ni amana. Isiposimuliwa nyumbani, huokotwa na mfanyabiashara, akaiuza apendavyo na kuitupa apendapo.